Mbalamwezi, Taa Moja, na Mganga Niliyemwacha Nje ya Sura ya Mwisho

Tangu nitume sehemu ya mwisho ya riwaya yangu, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: kwa nini kilele nimekipeleka kwenye usiku wa mbalamwezi? Hadithi ya mizimu, wananiambia, inataka giza. Inataka bundi, makaburi na radi. Mimi nimeweka mwezi mpevu juu ya Ziwa Tanganyika, maji yametulia, mtu anaona mpaka mistari ya kiganja chake. Msomaji mmoja aliandika kwamba nimepunguza woga pale pale ulipotakiwa kuzidi.

Swali ni zuri na linastahili jibu refu, maana nyuma yake kuna mambo mengine niliyoyapima kwa muda mrefu kabla ya kuiachia sura ile.

Kwa ambaye hajaisoma: Mwavita ni binti wa mvuvi wa dagaa hapa Kigoma. Usiku wa giza, wavuvi wakishatawanyika ziwani, wana desturi ya kuhesabu taa ili kujua nani yuko wapi. Kuna usiku hesabu inazidi kwa taa moja. Taa za wengine ni hizi za betri na sola, mwanga mweupe usio na sauti. Ile ya ziada ni ya manjano, na anayeisogelea husikia mvumo wa karabai, ile taa ya zamani ya mafuta na pampu. Anayezidi kuisogelea harudi. Kaka yake Mwavita ameifuata. Sura kwa sura binti anagundua kwamba zamani baba yao alikuwa nahodha wa kipe, ile mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na kamba, wavu ukishushwa kutoka katikati yake. Dhoruba ikawakuta. Mtumbwi mmoja ukaanza kujaa maji na kuuvuta mwenzake. Mzee akakata kamba. Wanne walikwenda na ule mtumbwi, na yeye akarudi mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, akasema wimbi ndilo lililoitenganisha mitumbwi.

Sasa tuje kwenye mwezi.

Mtu asiyeujua mji wetu anadhani ziwa usiku wa giza ni weusi mtupu. Simama Bangwe usiku usio na mwezi, utazame magharibi kuelekea Kongo. Utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Taa zimejipanga mpaka pale macho yanaposhindwa kutofautisha ziwa na mbingu, maana dagaa hufuata mwanga, na chini ya kila taa kuna watu, kuna wavu, kuna sauti zinazoitana, kuna anayeimba ili asilale. Mwezi ukishapevuka, mambo hugeuka. Mwanga unakuwa kila mahali, taa inakosa nguvu ya kuwakusanya samaki, na wavuvi hubaki nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kulala na familia zao. Ndipo ziwa linakuwa tupu kweli.

Mzee mmoja wa Katonga, aliyetumia maisha yake yote majini, nilimuuliza kama gizani haogopi. Akaniambia, "Mwanangu, gizani tuko wengi. Mwezi ukiwaka ndipo utakuwa peke yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyoamua. Woga wa hadithi ya mizimu, kwa ninavyouona mimi, hauletwi na kutoona. Unaletwa na kuona vizuri kabisa kwamba hakuna mwingine wa kukusaidia. Mwavita nilitaka awe na mwanga wote wa dunia, na asiwe na mtu.

Kulikuwa na njia nyingine ya kulifanya ziwa liwe tupu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Katika majira yale unaweza kukaa ufukweni usiku wa giza kabisa usione hata taa moja, na wazee walikiri kwamba hawajawahi kuliona ziwa namna ile. Picha ilinivutia mno. Lakini agizo la serikali lina tarehe, lina doria, lina boti za ukaguzi. Mwavita angeingia ziwani, msomaji angeanza kuwaza atakamatwa lini. Mwezi hauna askari. Isitoshe, wafu wangu walikufa zamani. Sheria wanayoijua ni ya mwezi.

Wengine waliniuliza kwa nini sikutumia MV Liemba. Naelewa. Ni meli yenye historia inayomtetemesha mwandishi yeyote: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwa vipandevipande, ikasafirishwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam na kuletwa hadi Kigoma kwa reli, ikaingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Niliitazama kwa tamaa historia hiyo. Kisha nikaona kwamba ni kinyume cha hadithi yangu. Meli ile ilizamishwa na watu waliotaka irudi, wakaiandalia marejeo yake. Wale wanne hakuna aliyewaandalia chochote. Hata majina yao yaliachwa kutajwa nyumbani kwa nahodha. Basi meli nikaigusa mara moja tu, sura ya tano, pale baba anapomsimulia kaka mtu habari za grisi, na msomaji bado hajui kwa nini sauti ya mzee inakatika katikati ya maneno.

Jambo la pili lilikuwa sharti. Mzimu wowote wa hadithini lazima uwe na sharti lake, na msomaji alijue mapema, la sivyo mwandishi anakuwa na uhuru wa kufanya lolote na woga unaisha. Kama kiumbe kinaweza kutokea popote, kwa namna yoyote, sina sababu ya kuhofia mlango huu kuliko ule. Sharti la taa yangu nililiweka sura ya kwanza: hutokea katikati ya taa za wengine. Ni taa ya ziada, na ziada haipo bila hesabu. Kwa hiyo kijiji kizima kinaamini kwamba usiku wa mbalamwezi ni salama, kwa kuwa hakuna taa za kuhesabu. Mwavita naye anaamini hivyo. Anatoka peke yake na mtumbwi mmoja, amebeba karabai kuukuu ya baba yake na kipande cha kamba alichokikuta kimefichwa darini, upande mmoja umesukwa vizuri, upande wa pili umekatwa kwa kisu.

Katikati ya ziwa anaiwasha, anahesabu kwa mazoea: moja. Hapo ndipo anapoelewa, na ninatumaini msomaji anaelewa sekunde moja kabla yake. Usiku huo hakuna mwingine aliyewasha. Taa isiyotakiwa kuwepo ni ya kwake. Sharti halikuvunjwa hata kidogo. Limegeuka tu na kumtazama yeye.

Uso wa mfu sikuuonyesha. Niliamua hivyo tangu mwanzo kabisa na sijawahi kuyumba. Ukishamchora mfu, meno na macho na ngozi, msomaji anampima: huyu anatisha, huyu nimeshamwona kwenye filamu. Sauti haipimiki hivyo. Karabai kila mtu wa rika langu anaijua sauti yake. Tulisomea chini yake, tulikesha nayo misibani na harusini. Ni sauti ya nyumbani. Nikaichukua hiyo. Hiki ndicho kifungu chenyewe:

"Akalegeza koki. Upepo ukatoka, mwanga ukanywea, ukawa mwekundu, ukafa. Akaiweka taa miguuni, akaifunika kwa kanga. Ziwa likabaki la mwezi peke yake.

Mvumo haukukoma."

Kifungu hicho kifupi kilinichukua muda kuliko sura nzima ya tatu. Wasimulizi wa Kiswahili tumelelewa na "-ka-": akaenda, akaona, akashika, akaanguka. Inakimbia yenyewe, na kwenye pilika za kufukuzana hakuna kitu bora kuliko hiyo. Ila ina hatari yake kwenye kilele. Ukiiachia, matukio yote yanapata uzito mmoja, kulegeza koki na kufa kwa mtu vinapita kwa mwendo ule ule, na msomaji anateleza mpaka mwisho kabla hajashtuka. Kwa hiyo nilimwacha ateleze. Ukatoka, ukanywea, ukawa, ukafa, anajua mwendo, amejiachia. Kisha nikamkatia. "Mvumo haukukoma" haina "-ka-", haisogei kwenda popote, ipo tu. Niliiandika pia kwa namna ndefu, nikaeleza kwamba alishangaa kusikia sauti bado inaendelea nyuma yake. Maelezo hayo yote nikayafuta. Nyuma yake ni wapi, msomaji ataamua mwenyewe, na atachagua mahali pabaya kuliko ambapo ningepataja mimi.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Ukisoma simulizi zetu za kutisha, zile za magazetini za "itaendelea" na hizi za kwenye makundi ya WhatsApp, vilele viwili ndivyo vimetawala. Katika cha kwanza anakuja mganga. Mwovu amezidi nguvu, watu wamekata tamaa, mganga anashuka na mkoba wake, anachanja, anafukiza, wanapambana, mwenye nguvu zaidi anashinda. Katika cha pili, mchawi anafichuliwa: kumbe ni yule bibi wa nyumba ya mwisho, mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake.

Mganga wangu yupo, na ninampenda. Anatokea mapema, anaketi na familia, anaiangalia kamba, anairudisha mezani. Anasema, "Hili si langu. Hili ni deni," kisha anaaga bila kuchukua hata senti. Wasomaji walikuwa wanamsubiri arudi sura ya mwisho. Hakurudi, kwa sababu akirudi, Mwavita anakuwa mtazamaji wa vita ya watu wengine. Swali la riwaya yote ni nani atakayelibeba lile alilolikimbia baba. Mtaalamu wa kulipwa hawezi kulibeba. Nguvu kubwa inayoishinda nguvu ndogo haimgharimu mtu wa hadithi chochote, na kilele kisichogharimu kitu hakiniingii moyoni hata kama kina moto na radi.

Bibi naye yupo. Anakaa jirani na familia ya Mwavita, anakausha dagaa, macho yake ni mekundu. Watu wanaanza kunong'ona. Kuna sura ambayo vijana wanakusanyika mlangoni kwake usiku.

Hapa sikuwa naandika mchezo. Tabora, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, vikongwe wameuawa kwa macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha yatakuwa mekundu, ni moshi. Sheria ya Uchawi tuliyoirithi kwa mkoloni ni ya mwaka 1928, na mapanga bado yamewakuta wazee wetu vitandani. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya hadithi iliyoaminiwa, kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Hadithi. Mtu alisimulia, mwingine akaamini, mwingine akachukua panga. Mimi ninayesimulia kwa kazi siwezi kujifanya kwamba maneno yangu yanaishia kwenye simu ya msomaji.

Tatizo likawa hili. Katika riwaya yangu mizimu ni ya kweli. Sikutaka kuimaliza kwa kusema kumbe ilikuwa ndoto, au kumbe ni majangili wa nyavu waliowasha taa kuwatisha wenzao. Ipo jadi nzuri ya namna hiyo kwetu: katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, na mpelelezi Bwana Msa anamsaka muuaji wa damu na nyama mpaka anampata. Ni riwaya ya upelelezi na ahadi yake ni hiyo. Ahadi yangu kwa msomaji ilikuwa nyingine tangu ukurasa wa kwanza. Nikimpokonya wafu mwishoni, nimemlaghai. Lakini nikisema wafu wanarudi kweli, je, sijawapa wale vijana wa mlangoni haki? Kama mizimu ipo, kwa nini mchawi asiwepo?

Nilikaa na swali hilo kipindi kirefu, na jibu lililonitoa ni hili: katika hadithi yangu wafu wanarudi, lakini hakuna aliye hai aliyewatuma. Hawana mwenyewe, hawafugwi na mtu. Wamekuja kwa sababu ya kamba iliyokatwa na uongo uliosemwa mwaloni. Anayetafuta mkosaji aliye hai atamkuta mmoja tu, na naye hana tunguri. Ni mzee anayeheshimika, anaswali, anasaidia wenye shida, na usiku mmoja wa dhoruba alifanya jambo ambalo pengine hata wewe na mimi tungelifanya. Bibi nilimpa kazi nyingine kwenye kilele. Yeye ndiye mjane wa mmoja wa wale wanne. Ndiye anayemfundisha Mwavita majina yote manne, jioni, kabla hajatoka, akimrudisha nyuma kila anapokosea mpangilio.

Juu ya maji, sauti haiombi damu. Inauliza, "Kamba iko wapi?" Mwavita anaitupa. Upande mmoja ameufunga kwenye mtumbwi wake, upande uliokatwa unazama. Kisha unakaza. Mtumbwi unaanza kulalia ubavu, maji yanaingia, na kisu kiko mkononi mwake, kisu kile kile cha baba. Nilimpa kisu makusudi. Bila kisu hana uchaguzi. Akikata, anaokoka na anakuwa baba yake. Anakitupa majini, anaishika kamba kwa mikono, na anaanza kuita majina. Mpaka alfajiri.

Mkono wake wa kushoto haukunji tena vidole baada ya usiku ule. Wapo walioniomba angalau nimponye. Hapana.

Na kaka harudi. Najua wengi walikasirika. Ujumbe niliopokea usiku ule ulijaa hasira na machozi. Niliufuata ukweli wa ziwa lenyewe. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lakini uhai wake umejaa juu. Ukishuka kupita mita 100 hadi 200 hivi hewa ya oksijeni inaisha majini, samaki hawaishi tena, na maji yale ya chini hayachanganyiki na ya juu kwa urahisi. Sehemu kubwa ya ziwa letu ni maji yasiyo na samaki hata mmoja. Nikishasimama ufukweni nikijua hilo, siwezi kumwibua kijana akiwa anatabasamu. Wanne walipewa majina yao wakaachia kamba. Hakuna aliyeahidi kwamba watamrudisha wa tano, na Mwavita hakwenda kwa biashara ya kubadilishana.

Kuna jambo dogo la namna ya kuitoa. Mtindo wetu ni kukata pale patamu, watu walale na arosto, kesho walipie sehemu inayofuata. Nimeutumia riwaya nzima na sioni haya, ndio unaoniwezesha kuandika. Sura ya kilele sikuikata. Niliituma yote kwa mkupuo mmoja, ndefu kuliko sehemu yoyote nyingine, saa nne usiku, nikazima simu. Kumwacha Mwavita ameshika kamba ile mpaka kesho yake, ili mimi nipate malipo mara mbili, kungefanya mateso yake yawe mtego wa kibiashara. Alihitaji kufika asubuhi usiku ule ule.

Na asubuhi ndipo baba anaposimama mwaloni. Jua limetoka, akina mama wanaanika dagaa, wanunuzi wanabishana bei, na mzee anaomba watu wanyamaze. Anasema nani alikata kamba. Anasema majina. Baadhi ya wasomaji wanaamini hapa ndipo kilele kilipo, na usiku wote ule ulikuwa njia ya kufika hapa. Sibishi nao. Niliandika ukurasa ule bila neno moja la kutisha, na ndio pekee uliowahi kunitetemesha mikono wakati wa kuandika. Wajane wanamsikiliza mpaka mwisho. Bibi anarudi kugeuza dagaa wake, kwa kuwa jua halisubiri. Kama amemsamehe sikuandika, kwa sababu hilo ni lake, si la mzee wala si langu.

Walioomba sehemu ya pili, ya Mwavita akiwa mtu mzima, nawashukuru kwa kumpenda. Sitaiandika. Ninayoiandika sasa inapanda treni na kwenda Tabora, kwenye miembe mikubwa ya njia za misafara ya zamani, na tayari nimeshagombana nayo: kuna mtu ndani yake anayesikia minyororo mchana kweupe, sokoni, katikati ya watu, na bado sijajua kama wengine wanaisikia pia.